Siku ya nne maji yametufungia Kano, stima hakuna, na mzee hakai chini. Nyinyi mnapitishaje wakati?

nyar_kano, Jumanne saa 3:40 asubuhi

Habari zenu wadau. Naandika haraka juu simu iko asilimia 31 na sijui nitachaji tena lini.

Niko nyumbani kwetu Kano, huku Kisumu, si mbali sana na Ahero, na leo ni siku ya nne hatujatoka. Mto Nyando ulivunja kingo Jumamosi usiku, barabara yetu ya ndani imekuwa mto mwingine, watu wa boda hawafiki hata ukiwaambia utalipa mara tatu. Nyumba iko pahali pa juu kidogo, marehemu babu alijua kuchagua, kwa hivyo maji hayajaingia ndani, lakini tumegeuka kisiwa, ukisimama mlangoni pande zote ni maji na vichwa vya mahindi. Stima ilienda hiyo hiyo Jumamosi. Tuko na sola ndogo lakini na haya mawingu inachaji simu mpaka 20 hivi halafu inagoma.

Chakula kiko. Unga tuko nao, omena tuko nayo, maharagwe gunia nusu. Shida si tumbo, shida ni hii kukaa. Tuko sita: mzee wangu, yaani baba, ana miaka 73, mama, mimi, ndugu yangu mdogo anangojea kuitwa chuo, na watoto wangu wawili, mmoja gredi ya nne na mwingine chekechea. Mama hana neno, huyo hata dunia ikiisha ataambia malaika wangoje amalize kuchambua mboga. Ndugu yangu amelala tangu Jumapili. Watoto wamecheza kalongolongo mpaka wakaachana, sasa kila mmoja ana boma yake chini ya meza na hawasalimiani.

Lakini mzee ndiye ananimaliza. Ana gambuti zake, na ana fimbo ameidunga pale mwisho wa uwanja, basi kila baada ya dakika kumi na tano anatoka na mwavuli kuangalia maji yamepanda ama yameshuka, akirudi anatusomea kama taarifa ya habari, "imepanda kidole kimoja." Usiku pia anaenda na tochi. Jana akasema anavuka kwenda kuona ng'ombe wake wawili tulipeleka kwa jirani huko juu, mimi na mama tukamshika mkono huku na huku, tukakosana, na tangu jana anatuongelesha kupitia kwa watoto. "Mwambie mama yako anipe chai." Na nimesimama hapo hapo.

Sasa nyinyi mkifungiwa na mvua mnafanyanga nini mchana kutwa? Na aki msiniambie nitazame filamu, nimeshasema stima hakuna na bando ni ya kuhesabu.

---

baba_drafti_njoro, saa 4:15

Pole dadangu. Huku Njoro, Nakuru, hatujui mafuriko kama yenu, letu ni matope na baridi, lakini mvua ikishika wiki mbili gari haitoki shambani na tunakaa ndani vile vile tukiangaliana.

Kadi. Sijui kama mko na pakiti lakini kama iko basi umemaliza kesi. Sisi ule mwaka wa 2020 kulipokuwa na kafyu, saa moja jioni kila mtu ndani, mimi na mke na vijana watatu tulicheza kadi mpaka pakiti ikachakaa, eisi ya maua ilipasuka tukaibandika na selotepu kila mtu akawa anaijua hata ikiwa kwa mkono wa mwenzake, ikabidi tubadilishe. Unagawa nne nne, mbili unaokota mbili, tatu unaokota tatu, joka tano, jei inaruka, kingi inarudisha, eisi unaitisha unachotaka. Nane na kwini ni swali na lazima swali lijibiwe. Ukibakisha moja bila kusema "niko kadi" umejiuza. Mtoto wa gredi ya nne ataelewa kwa dakika tano na atakushinda kwa dakika kumi.

Kama hakuna kadi, drafti. Karatasi ya katoni, makaa ya kuchorea, vifuniko vya soda. Vya huyu vimelala, vya yule vimeangalia juu. Ukikosa vifuniko, mahindi na maharagwe. Mzee wa miaka 73 wa Kano asiyejua drafti hayuko, nakuhakikishia. Mwekee tu hapo mezani usimwambie kitu, anza kucheza na kijana wako vibaya kwa makusudi. Atakuja mwenyewe kusahihisha.

---

kijana_nyalenda, saa 4:22

Mimi naunga mkono ndugu yako, kulala ndio mchezo wenyewe. Mvua ikinyesha kwa mabati usingizi wake huwezi nunua popote. Huku kwetu mto Auji ukijaa hatutoki pia ila sisi maji huwa yanaingia mpaka ndani, kwa hivyo hatujui kuchoka na kukaa, tunakaa juu ya kitanda tukichota. Shukuru una pahali pakavu pa kuboekea hehe.

Halafu baba drafti, mambo gani hayo. Huku Kisumu huwezi maliza na swali wala na ya kuokotesha. Hiyo hujasema.

---

baba_drafti_njoro, saa 4:30

Nilikuwa naeleza mtu ambaye hajui kijana, sikuwa naandika katiba. Ni kweli huwezi maliza na hizo. Lakini ukiniwekea mbili na mimi niko na mbili naweka juu yake unaokota nne, ama nyinyi huko hamuongezi?

---

kijana_nyalenda, saa 4:31

Hatuongezi. Hiyo ni ya Nakuru.

---

baba_drafti_njoro, saa 4:33

Ndio maana mnamaliza haraka mnabaki mkiangalia mvua.

---

shabab_hadi_minnesota, saa 5:50

Poleni sana watu wa Kano. Mimi ni mtoto wa Nakuru, mtaa wa Shabab pale, lakini nina miaka mingi sasa Minnesota, Marekani, na kama kuna kitu hii nchi imenifundisha ni kukaa ndani. Huku ni karibu saa tisa za usiku, nimetoka kazi, nitaandika kirefu mnisamehe.

Kwetu kinachotufungia ni theluji. Ya kwanza kuiona nilisimama dirishani kama mtoto, nikapiga picha nikatuma kila mahali, mama akaniuliza kama ukiilamba ina sukari. Kesho yake nasukuma mlango nitoke, umekataa, imerundikana upande wa nje mpaka kiunoni. Hapo utamu ukaisha. Na usidhani ni Desemba tu. Aprili ya 2018 watu wameshaficha makoti, ikaanguka zaidi ya inchi 14 kwa wikendi moja. Nikalalamika kwa wazee wa mtaa wangu wakanicheka, wakaniambia hiyo ni manyunyu, ningekuwepo 1991 siku ya Halloween, ilianza kuanguka watoto wako nje wanazunguka nyumba kwa nyumba wakiomba peremende, na haikuacha vizuri mpaka baada ya siku tatu, zaidi ya inchi 28, yaani kama sentimita 72. Simamisha mtoto wa gredi ya kwanza hapo, unaona kifua na kichwa basi.

Sasa kilichonishinda mwanzoni haikuwa baridi. Ni saa kupotea. Hakuna kazi, basi hazitembei, unaamka saa nne, hujaoga, umejifunga blanketi kama mgonjwa, unakula mara sita bila njaa, kabla hujajua ni siku gani saa kumi na nusu jioni giza limeingia. Siku tatu za hivyo nilikuwa nagombana na ukuta. Kulikuwa na mama mmoja wa kwetu Kenya kwa hilo jengo, amekaa huku tangu zamani, akaja kuomba chumvi akanikuta hivyo, akaniambia, kijana, vaa viatu. Nikamwambia mama siendi mahali. Akasema najua, vaa tu, ufunge na kamba. Nilicheka lakini nikavaa, na wacha niwaambie, ni vigumu sana mtu aliyefunga kamba za viatu kurudi kulala. Mpaka leo theluji ikianguka naamka saa ile ile ya kazi, naoga, navaa viatu, halafu natafuta kazi moja ya mikono ambayo haiishi haraka. Yangu ni chapati. Pakiti nzima ya kilo mbili, nakanda polepole, nazikunja, naziacha zipumzike, nasukuma moja moja na redio ya nyumbani ikiongea kwa simu. Zingine naweka kwa friza. Majirani wameshajua, wakiona theluji wanaanza kunisalimia vizuri.

Lakini nilitaka hasa kuongea juu ya mzee wako na fimbo. Huyo mzee nimemwelewa kabisa. Jirani yangu hapa ni mzungu, nadhani anakaribia 80, na ana rula ndefu ya mbao ameichomeka kando ya ngazi zake. Theluji ikianza, kila saa anatoka na kofia yake ya masikio anapima, anarudi anaandika kwa daftari. Ana madaftari ya miaka sijui mingapi. Mke wake alikuwa akimpigia kelele kama wewe, sasa anamwachia taa ya nje ikiwaka. Nikamuuliza siku moja unapima ya nini na serikali inapima. Akaniambia serikali inapima uwanja wa ndege, haipimi hapa.

Kwa hivyo msimzuie fimbo. Mzuieni kuvuka tu. Mpeni daftari.

Na kitu kingine hakihusu kupitisha wakati lakini lazima nikiseme. Msiingize jiko la makaa ndani mkafunga madirisha. Huku stima ikipotea kwa baridi ndio watu wanaangamia hivyo. Texas Februari 2021 baridi iliwapata hawajazoea, stima ikaenda, watu wakaingiza majiko ya kuchomea nyama ndani ya nyumba, wengine wakawasha gari kwa gereji iliyofungwa wapate joto, familia zikalala hazikuamka. Hata gari likikwama kwa theluji lazima kwanza uondoe theluji pale bomba la moshi linatokea, la sivyo hiyo hewa inakurudia. Haina harufu, haikohozi mtu, kichwa kinauma halafu unahisi usingizi.

---

baba_drafti_njoro, saa 6:10

Hiyo ya jiko watu wa Molo na Kuresoi na sisi huku waisome mara mbili. Baridi ya Julai watu wanabeba jiko mpaka chumba cha kulala na mtoto yuko hapo. Jiko libaki nje, wewe ulale na chupa ya maji moto.

Hizo chapati na wewe unakanda na maji moto ama baridi?

---

shabab_hadi_minnesota, saa 6:14

Moto kiasi, mkono uvumilie. Na kitunguu kidogo kimesagwa ndani, usiniulize zaidi.

---

nesi_wa_zamu, saa 6:40

Nitakuwa mfupi kabla sijaitwa. Nyar Kano, watoto wasicheze kwa hayo maji hata yakiwa ya kifundo. Vyoo vyote vya huko chini vimeshajaa na kumwagika humo, na nyoka pia wametoka kwa mashimo yao wanatafuta pakavu kama nyinyi, kagueni chini ya vitanda na kuni kabla ya kushika. Ya kunywa chemsheni mpaka itokote kabisa ama mtie dawa ya maji, hata kama ni ya kisima mnachokiamini, kisima nacho kimeingiliwa. Mtoto akianza kuharisha majimaji msingoje kesho, anzeni chumvi ya kuongeza maji mwilini huku mnatafuta njia ya kufika kituo. Na neti msisahau, mbu wa wiki mbili zijazo ndio hawa wanatagwa leo.

Wakati wangu mimi hupita kwa kushona vitambaa vya makochi. Nina vingi kuliko makochi.

---

mwalimu_mstaafu_kakamega, saa 8:05 mchana

Mulembe. Mimi ni wa Kakamega, mahali mvua inakuja karibu kila alasiri kama mtu wa deni, kwa hivyo kukaa ndani tumekusomea. Nimefundisha miaka 34 na nimeona shule zikifungwa kwa kila sababu. 2020 kuanzia Machi, halafu ile ya mafuriko ya 2024 wazazi wameshanunua kila kitu, kufungua kukaondolewa tarehe 29 Aprili kukapelekwa wiki moja mbele, halafu tena, mpaka 13 Mei ndio watoto wakarudi. Kila mara nilikuwa naona wazazi wanafanya kosa moja, wanageuza nyumba shule. Asubuhi hesabu, saa nne Kiingereza, mtoto analia, mzazi anapiga kelele, kufika Jumatano wote wamechukiana. Usifanye hivyo dada yangu. Mtoto anasoma akijua anasoma na anasoma bila kujua, na hii ya pili ndiyo haisahauliki.

Huyu wa Minnesota amesema daftari. Mimi naongeza: daftari lishikwe na mtoto wa gredi ya nne, na mzee awe bosi wake. Fimbo ikatwe alama kila upana wa kidole kwa kisu. Mzee anasoma, mtoto anaandika saa na alama. Kufika jioni wanachora mistari kwa karatasi, yamepanda hapa, yametulia hapa, mvua ilinyesha hapa. Hiyo ni hesabu, ni sayansi, na ni kazi ya mzee, na hakuna mtu amesema neno homuweki. Na mzee hawezi kuvuka akiwa na karani anamngojea.

Pili, huyo mzee wa 73 muulizeni kuhusu mvua ya 1961. Kizazi chake wanaiita mvua ya uhuru. Alikuwa mtoto mdogo lakini watoto hukumbuka maji. Hiyo mvua ndiyo iliyosukuma ziwa mpaka kufika 1964 lilikuwa limepanda zaidi ya mita mbili, mashamba ya kando ya ziwa yakaenda na hayakurudi upesi. Halafu kuna El Nino ya 1997 kuingia 1998, hiyo hata wewe unaikumbuka. Muulize walikaa wapi, walikula nini, nani alikuwa na mtumbwi. Rekodi kwa simu kama chaji inaruhusu, na kama hairuhusu, andika. Sisi tulimzika baba na hadithi zake zote ndani, mpaka leo ndugu zangu tunabishana hata jina la mto walivuka kuja hapa.

Usiku ukiingia, vitendawili. Si vile vya kitabu peke yake, vya "nyumba yangu haina mlango" kila mtoto anajua ni yai. Mwambie kila mtu atunge chake kwa kitu anachokiona hapo ndani. Mjukuu wangu wa miaka sita alinitegea, "kinalia mchana na usiku na hakina mdomo." Nikasema saa, nikasema mto, nikasema redio. Nikampa mji. Akasema ni mabati yako babu, yanavuja.

Mwisho, mvua ikikatika jioni mwangalie taa. Kumbikumbi watatoka. Hapo hakuna mtu atalala, hata ndugu yako.

---

kijana_nyalenda, saa 8:20

Mwalimu hiyo ya mabati umenimaliza.

Kumbikumbi sisi tunawaita ng'wen na hiyo ni sherehe. Beseni la maji chini ya tochi wanajiangusha wenyewe, asubuhi unatoa mabawa, unakaanga bila mafuta, wana mafuta yao. Ila nyar Kano kwa hayo maji yenu sidhani, vichuguu vyote vimezama.

---

nyar_kano, saa 11:50 jioni

Jamani. Nilizima simu mchana kuokoa chaji, nawasha nakuta mmeandika hivi. Asanteni, nimewasomea hapa kwa sauti mpaka mama akaacha mboga.

Niwape ripoti. Kadi hatuna, ndugu yangu alizipeleka shule mwaka juzi zikachukuliwa. Drafti tulichora kwa katoni ya sabuni. Nikafanya vile baba drafti alisema, nikakaa na kijana wangu nikaanza kucheza vibaya, na sikuhitaji kujifanya sana. Mzee alikuwa mlangoni ametupa mgongo. Nikasogeza moja, nikasikia "aah." Nikasogeza nyingine, akageuka. Ya tatu alikuja akanitoa kwa kiti bila kuniongelesha, akaanza kumwonyesha mtoto. Sasa ametushinda wote, ndugu yangu mara nne, na huyo ndiye aliyejidai bingwa wa shule yao. Mzee ana sheria yake kwamba kingi inaruka mahali popote uwanjani, hatujui ilitoka wapi, hakuna wa kumpinga. Akichoka nayo anatafuta mashimo ya ajua, ule mchezo kama bao, nimemkatia trei ya mayai mistari miwili, tunatumia mbegu za maharagwe. Mama anamshinda kwa hiyo. Nilikuwa sijui, miaka yote hii sijawahi kumwona mama akicheza kitu.

Fimbo nayo imekatwa alama. Kijana wangu amepewa cheo, anaitwa karani, ana kalamu kwa sikio. Kuna mpaka sheria kwamba hakuna kuenda kabla saa nzima haijapita, na mzee ndiye anauliza saa sasa, "karani bado?" Kwa hivyo kutoka mara nne kwa saa tumeshuka mara moja. Yule mdogo alilia na yeye anataka cheo, amepewa kushika mwavuli.

Ya 1961 nilimuuliza nikimpelekea chai, na akanijibu mimi mwenyewe, si kupitia kwa mtoto. Akasema walihamia juu kwa watu wa mama yake, walilala kwa ghala la mtama na mbuzi, na nyanya yake alikataa kutoka, alibaki juu ya kitanda cha fito na kuku wake siku mbili mpaka wakamfuata na mtumbwi, na aliposhuka kwa mtumbwi kitu cha kwanza aliuliza ni nani amefungua mlango wa ghala. Nimeandika kurasa mbili nyuma ya kitabu cha kanisa. Nusu nyingine amesema ataimaliza kesho, nadhani anataka kesho tena chai ipelekwe.

Nesi, nimechemsha maji yote. Nyoka tulipata mmoja kwa kuni, mdogo, umeokoa mtu.

Shabab, mzee ana swali lako. Nimemsomea ya jirani yako na rula, amefurahi sana, ameuliza huyo ni wa ukoo gani. Sasa anauliza hivi, hiyo theluji ikiyeyuka maji yake yote yanaenda wapi?

---

shabab_hadi_minnesota, saa 1:30 usiku

Mwambie mzee ameuliza swali la mtu anayejua maji. Inakuwa mafuriko vile vile. Kuna mto unaitwa Red River, ndio mpaka wetu na North Dakota. 1997 walikuwa na theluji moja baada ya nyingine msimu mzima, Aprili ikayeyuka, mto ukapanda ukaingia mji wa Grand Forks, karibu watu wote wakahamishwa, na katikati ya hayo maji moto ukashika katikati ya mji, majumba yakaungua yakiwa yamesimama ndani ya maji. Mwaka ule ule ambao kwenu El Nino ilianza.

Na shida ya huo mto ni kwamba unatiririka kwenda kaskazini. Kusini kunayeyuka kwanza, maji yanashuka kufika mbele yanakuta bado kuna barafu imeziba. Yanakosa pa kwenda yanapanda shambani. Ardhi ya huko ni tambarare kama Kano, unaweza kuona ng'ombe wa mtu kutoka asubuhi mpaka jioni akitembea.

---

nyar_kano, saa 2:10 usiku

Nimemsomea. Amenyamaza kidogo, halafu akauliza huo mto unaishia wapi.

---

shabab_hadi_minnesota, saa 2:14

Ziwani. Ziwa Winnipeg, Kanada.

---

nyar_kano, saa 2:21

Amesema kama unashuka kwa tambarare na unaishia ziwani basi huyo ni ndugu yake Nyando, na uwaambie watu wa huko walale juu. Pia amesema jirani yako apime asubuhi na mapema kabla jua halijatoka, hapo ndio maji husema ukweli.

Simu iko 6. Karani amelala kwa kiti na kalamu bado iko kwa sikio, mzee amenitazama mimi. Saa mbili na nusu ni zamu. Wacha nitafute gambuti.